Siku Moja katika Mwitu wa Masako



Mgeni akifika kwetu Kisangani, tunampeleka kwanza kwa Wagenia. Anawaona wavuvi na mitego yao mikubwa iliyofungwa kwenye miti katika maporomoko ya mto Kongo, anapiga picha, anashukuru, kisha tunamrudisha mjini kumkaribisha lituma na samaki, naye anadhani ameona yote. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Nimezaliwa katika mji huu, nimebatizwa hapa, nafundisha hapa. Lakini mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto sikuwa nimekanyaga pori la Masako, ingawa liko kilometa 14 tu kutoka mjini. Wametoka wataalamu Ubelgiji, nchi ya mbali, kuja kuchunguza panya wa pori hilo, na sisi wenyeji hatujui hata njia ya kuliingia. Jambo hilo lilinitia haya.

Basi mwaka 2025, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, tarehe 4 Oktoba, ilipoangukia Jumamosi, nikamwomba mkuu wa shule ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi kumi na sita wa darasa langu kutembea huko kwa miguu. Akanipa, kwa sharti kwamba nirudi na kumi na sita.

Kwanza yafaa niwaeleze mahali penyewe. Mto Tshopo unatoka upande wa mashariki, na kabla ya kuufikia mji wetu unajipinda pinde kubwa kama mkono uliokunjwa kumbeba mtoto. Ndani ya mkono huo ndimo ulimo mwitu wa Masako. Tangu mwaka 1953, wakati wa utawala wa Wabelgiji, serikali iliutenga mwitu huu uwe akiba: hektari 2,105, yaani kama mraba wenye kilometa nne na nusu kila upande. Baadaye Chuo Kikuu cha Kisangani kikaufanya kuwa darasa lake kubwa. Wanafunzi wengi wa elimu ya viumbe wamejifunza kazi yao humo, wakitega mitego katika mashamba yaliyoachwa, katika vichaka na katika mwitu mzee, ili wajue ni panya gani anakaa wapi, na ni yupi anayehama pale binadamu anapofyeka. Msicheke. Panya ndiye anayekula mbegu za miti na ndiye anayezificha. Tena wapo panya wanaobeba magonjwa, na mkulima mwenye akili hutaka kumjua jirani yake.

Tuliondoka Ijumaa mchana baada ya masomo. Kila mtoto alibeba kwanga, samaki mkavu, blanketi na chupa ya maji. Tulishuka mpaka daraja la Tshopo, na hapo nikawasimamisha kidogo. Upande mmoja maji yanaanguka juu ya mawe kwa ngurumo isiyokoma, na hapo ndipo lilipo jengo la mitambo ya umeme iliyowekwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950. Mji ulikuwa mdogo wakati ule. Leo una watu zaidi ya milioni moja, na mitambo ile haiwezi kuwalisha wote. Nyumba zilizo nyingi hazijui umeme, na hata zenye nyaya hukaa gizani mara nyingi.

Daraja hili lina habari nyingine. Katika mwezi wa Juni mwaka 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, wageni wote wawili, walipigana katika mji wetu siku sita, kutoka tarehe 5 mpaka tarehe 10, na daraja la Tshopo lilikuwa mojawapo ya mahali walipogombania sana. Raia wengi sana walikufa, ambao hawakuwa na neno na yeyote kati yao. Watoto wa darasa langu hawakuwa wamezaliwa. Waliyatazama maji, wakanitazama, wakanyamaza. Tukasali Salamu Maria moja kwa ajili ya marehemu, tukavuka.

Kutoka hapo tulifuata barabara ya zamani ya Buta. Zamani magari yalipita humo yamejaa pamba na kahawa. Sasa ni barabara ya pikipiki, ya baiskeli na ya miguu. Tulipokuwa tukienda kaskazini, tulikutana na baiskeli zikija mjini, kila moja imepakiwa magunia ya makala, mawili, matatu, hata manne, yamefungwa kwa kamba za mwitu na kufunikwa mdomoni kwa majani. Mwenye baiskeli haipandi; anaisukuma, ameinamisha mgongo, jasho likimtoka. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika baiskeli ya arobaini na moja nikaacha, kwa maana mtoto mmoja alikuwa amepata lengelenge mguuni na ilinibidi nimfunge kitambaa.

Tulilala katika kijiji kimoja kando ya barabara, ndani ya kanisa dogo la matope. Katekista wa hapo, mzee mwenye ndevu nyeupe, ndiye aliyekubali kutuongoza kesho yake. Usiku tulipokuwa tumeuzunguka moto, alitupa amri zake. Tutembee mmoja nyuma ya mwingine. Asiwepo wa kupiga kelele. Asiwepo wa kuweka mkono mahali asipopaona. Tukikuta siafu, turuke na kukimbia bila kuuliza habari. “Na mkiona kitu kizuri,” akasema, “kitazameni, kisha mkiache pale pale, maana hata atakayekuja nyuma yenu ana macho.” Mmoja akauliza kama kuna chui. Mzee akacheka. “Mwanangu, chui ametukimbia zamani. Siku hizi mwituni umwogope mwenye shoka.”

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Tulisali, tukala, tukaingia.

Mwanzoni mtu hajui kwamba ameingia. Unapita mashamba ya mihogo, mpunga kidogo na migomba, kisha vichaka vilivyoota mahali palipolimwa miaka michache iliyopita. Hapo ndipo tulipouona mti wa kombokombo, ambao kila mtoto wa Kisangani anaujua na hakuna anayeutazama. Majani yake ni kama mwavuli uliopasuliwa vipande, na shina lake linasimama juu ya mizizi mirefu kama mtu aliyekanyaga magongo. Mzee alituambia tuugonge. Ni mwepesi, karibu kama hauna kitu ndani. Mti huu unapenda jua. Shamba likiachwa, ndege na popo huangusha mbegu zake, nao huota upesi kuliko yote, na chini ya kivuli chake hupata nafasi miti mingine yenye subira. Baada ya miaka ishirini au thelathini umekwisha kuzeeka, unaanguka, na ile aliyoificha ndiyo inayoendelea. Mwanafunzi mmoja, msichana mwenye ulimi mwepesi, alisema: “Basi mwalimu, kombokombo ni kama mlezi.” Nilimwambia aandike hilo katika daftari lake.

Mbele kidogo tukakuta mangongo, yale majani mapana ambayo mama zetu hufungia samaki na kwanga. Tena tukaona fumbwa ikipanda juu ya miti midogo. Wasichana waliitambua mara moja, wakashangaa kwamba mboga ya sokoni ina mahali ilipozaliwa. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza mabawa ya hondohondo. Ndege huyu akiruka juu ya miti, mabawa yake yanavuma kama mtu anayepepeta mchele katika ungo mkubwa. Hatukumwona. Tulisimama, vichwa vimeinuliwa, vinywa wazi, mpaka sauti ikapotea upande wa mto.

Kisha, pasipo mlango wala alama, tuliingia katika mwitu wa limbali.

Sijui niwaelezeje, ninyi msiofika. Vichaka vinakwisha ghafula. Chini hapana kitu ila majani makavu yaliyolaliana unene wa kiganja, na mashina makubwa yanayosimama mbali mbali, yamenyoka, mengine yakifika mita arobaini. Mwanga ni hafifu kama ule wa kanisani kabla ya misa ya kwanza. Hewa ni baridi. Watoto ambao tangu asubuhi nilikuwa nikiwakemea kwa sababu ya kelele, walinyamaza wenyewe bila kuambiwa na mtu. Wakati huo mvua ilianza kunyesha. Tuliisikia juu kabisa, kama watu wengi wanaonong’ona, lakini kwa muda mrefu hatukupata hata tone moja. Ilipoacha kunyesha huko juu, ndipo matone yalipoanza kutuangukia huku chini.

Katika misitu mingi ya nchi yetu miti imechanganyika, na ukiuona mti wa aina moja huenda ukatembea sana kabla ya kuuona ndugu yake. Lakini huu ni mwitu ambao karibu miti yote mikubwa ni ya aina moja tu. Wataalamu wamejiuliza sana sababu, nao wanaonyesha mambo kadhaa. Kivuli cha limbali ni kizito, na mche wake unaweza kuishi kivulini humo miaka mingi ukingoja, ambapo miche ya miti mingine inakufa. Majani yake yanaoza polepole, na zulia lile nene linazuia mbegu ndogo zisifikishe mizizi udongoni. Lakini mbegu ya limbali yenyewe si ndogo. Mzee aliokota ganda lililokauka, pana kama ala ya kisu kikubwa, na juu yake lina manyoya laini sana. Likiiva linajikunja huko juu mpaka linapasuka kwa mlio, na kutupa mbegu zake. Nazo ni nzito, bapa, kubwa kuliko sarafu yoyote mliyoishika. Nguruwe wa mwitu, nungu na panya wanazingojea kama karamu.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa maana ndilo jambo lililonishika moyo. Mbegu nzito namna hii haipeperushwi na upepo. Ndege hawezi kuibeba. Inaanguka na kuota mita chache tu kutoka kwa mama yake. Tena mti huu hauzai kwa wingi kila mwaka. Kwa hiyo mwitu wa limbali unatembea kwa hatua ndogo sana, mche kwa mche, kizazi kwa kizazi. Hekta moja ya kombokombo ukiikata leo, mtoto wako ataiona imerudi. Hekta ya limbali ukiikata, ukaichoma, ukapanda mihogo, mjukuu wa mjukuu wako hataiona, isipokuwa iwe imebaki mingine karibu ya kuirudisha polepole. Nilipowaambia hayo watoto, mmoja wao, kijana mpole ambaye ndiye wa kwanza wa darasa katika hesabu, aliinama akakuta mbegu moja imeanza kutoa mzizi mwekundu. Hakuiokota. Aliizungushia majani makavu, akasimama, akajipangusa magoti.

Karibu saa sita tulifika mtoni. Njiani tulivuka vijito vingi vyenye maji mangavu ya rangi ya chai, kwa maana yanapita katika majani yaliyooza, lakini mchanga chini unaonekana kama kupitia kioo. Vijito hivyo vyote vinaingia Tshopo. Hapo mto ni mtulivu, wala usingedhani kwamba ndio ule ule unaonguruma penye daraja. Mvuvi mmoja alipita katika mtumbwi wake, akatusalimu kwa kuinua kasia. Tulikula, tukaoga miguu, na mzee akatupa somo fupi kutoka kitabu cha Mwanzo, jinsi Mungu alivyomweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. “Sisi tumelishika neno la kwanza,” akasema. “La pili tumeliachia serikali.” Nikamwambia kwamba marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si’ ya mwaka 2015, aliitaja misitu ya bonde la Kongo pamoja na ile ya Amazon kuwa mapafu ya dunia. Mzee akafikiri, akaniuliza kama Papa alitaja Masako. Nikasema hapana. “Si kitu,” akajibu.

Ningetaka kukomea hapa. Mwalimu mwenzangu aliyesoma habari hizi kwanza alinishauri nikomee hapa, maana, alisema, gazeti la familia si mahali pa kuhuzunisha watu. Lakini safari haikukomea hapo.

Tuliporudi tulifuata njia nyingine, kwa sababu mzee alitaka kutuonyesha mti mmoja mzee sana. Hatukufika kwenye mti huo. Kwanza tulisikia harufu ya moshi, kisha mwitu ukafunguka, tukatoka juani. Ilikuwa sehemu ya kama uwanja wa mpira. Visiki vilikuwa bado vyeupe. Katikati palikuwa na tanuru la makala, lile kundi la magogo lililofunikwa kwa majani na udongo kama kaburi refu, moshi ukitoka taratibu katika matundu ya pembeni. Penye kivuli palikuwa na magunia yaliyokwisha kujazwa. Kijana wa kama miaka ishirini na mitano alikuwa akitia udongo kwa koleo mahali moto ulipotaka kutoboa. Alitugeukia. Ndipo nyuma yangu nikasikia sauti ya yule mwanafunzi wa hesabu: “Yaya!”

Alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Hakukimbia wala hakukasirika. Alinawa mikono, akatusalimu wote mmoja mmoja kwa heshima, akatoa mkungu wa ndizi mbivu, akawapa watoto. Mzee alimwambia kwa upole: “Mwanangu, hapa tumo ndani ya akiba.”

“Najua, baba,” akajibu. “Marehemu baba yetu alitulisha kwa shamba lake kando ya barabara. Shamba lile limechoka. Nikipanda mihogo napata vijiti. Mjini nilitafuta kazi miaka miwili. Mama ni mgonjwa. Na huyu,” akamwonyesha mdogo wake kwa kidevu, “huyu ana akili. Muhula mmoja wa masomo yake ni magunia yangu manne, ukitoa fungu la mwenye baiskeli na vizuizi vya njiani.”

Nilimweleza habari za Mampu, kule katika nyanda za Bateke, mbali kidogo na Kinshasa, ambako zilipandwa hektari zipatazo 8,000 za miti ya akasia kwa ajili ya makala. Familia zinalima mihogo katikati ya akasia changa, mti unarutubisha udongo, na baada ya kama miaka minane au kumi unakatwa, unachomwa, unapandwa tena. Alinisikiliza vizuri sana. Aliuliza mbegu inapatikana wapi, inaota katika udongo gani. Alikuwa na maswali mazuri kuliko wanafunzi wangu. Mwishoni akasema: “Ni jambo jema, mwalimu. Lakini ile miaka minane, tutapikia nini, na mdogo wangu atasoma kwa nini?”

Sikuwa na jibu. Naliandika hivyo hivyo.

Tena nikatazama lile tanuru. Wataalamu wanasema kwamba katika matanuru ya udongo namna hii, kilo mia moja za mti hutoa kilo kumi mpaka ishirini tu za makala. Mengine yote ni moshi. Yule kijana alikuwa amekata miti iliyoanza kuota kabla ya Padri Grison kufika Stanley Falls mwaka 1897 kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli, na sehemu yake kubwa ilikuwa ikienda juu mbinguni mbele ya macho yetu. Ningemkemea kwa nguvu kama si jambo moja. Nyumbani kwangu tunapika kwa makala. Mke wangu hununua gunia kila mwisho wa mwezi penye njia ya daraja, nami sikupata kuuliza hata siku moja limetoka wapi.

Katika kurudi mjini yule mwanafunzi alitembea nyuma ya wote. Nilimngoja. Tulikwenda pamoja karibu kilometa mbili bila neno, kisha akaniuliza: “Mwalimu, ni wizi?”

Wazazi mnaosoma haya mnajua kwamba swali la mtoto halingoji mpaka umevaa viatu. Nilimwambia ninavyofikiri. Nilimwambia kwamba pori la akiba ni mali ya wote, hata ya wale wasiozaliwa, na kulichukua kwa siri ni kuwachukulia wao. Nilimwambia pia kwamba mtu anayemtunza mama mgonjwa na kumsomesha mdogo wake si sawa na yule anayekaa mjini na kupakia lori zima bila kushika shoka, na kwamba Mungu, anayehesabu yote, anahesabu na hayo. Na kwamba yeye mwenyewe, mtoto, hakufanya kosa lolote. Akanisikiliza. Kisha akauliza la pili: “Na fedha ya masomo, ikifika kwako, inakuwa ya nani?”

Labda hamjui mambo yetu ya shule. Tangu mwaka 2019 serikali imefuta malipo katika shule za msingi za umma, na hilo limewaingiza darasani watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani. Lakini katika sekondari wazazi bado wanalipa, na katika malipo hayo lipo fungu linalotusaidia sisi walimu. Alichouliza mtoto alikijua vizuri. Nilimjibu kwamba nitafikiri.

Tulifika darajani jioni. Niliwahesabu: kumi na sita. Dominika baada ya misa nilimwendea padri wetu, nikamsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, akasema: “Na makala ya nyumba ya mapadri, nani ameuliza yanatoka wapi?” Tangu siku hiyo amewaomba akina mama wa parokia wanaojua kufinyanga wawafundishe wengine kutengeneza mbabula ya udongo yenye kuta nene, inayoshika moto na kula makala kidogo kuliko ile ya bati. Mke wangu anayo moja. Gunia letu sasa linapita mwisho wa mwezi kwa siku nane au tisa. Katekista naye alimrudia yule kijana mara mbili, nao wanajaribu kupanda akasia katika lile shamba la baba yao lililochoka, safu mbili kwa kuanzia. Mzee aliniletea habari kwamba zimeota, na kwamba tanuru lingali likitoa moshi.

Anayetaka kufika Masako aende na mtu anayejua njia, aombe kwanza ruhusa kwa wenye kuutunza mwitu na kwa mkuu wa kijiji, avae viatu vinavyofunga mguu, abebe maji yake. Januari na Februari mvua hupungua kidogo. Oktoba utalowa, lakini utaisikia ile mvua juu ya limbali.

Jumatatu ile, saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kengele, yule mwanafunzi alikuja mezani pangu na malipo ya muhula. Noti zilikuwa zimekunjwa ndogo sana, na pembeni zina weusi wa masizi. Aliziweka juu ya daftari, akasimama akinitazama kama nitazipokea. Nilizihesabu. Zilitimia. Nikamwandikia risiti.